Lüderitz kwa boti na kwa miguu: tathmini ya ziara ya bahari na migodi ya zamani ya almasi

Pwani ya kusini ya Namibia haitembeleki vizuri bila mwenyeji. Upande mmoja ni Bahari ya Atlantiki, ambayo hapo hupitiwa na mkondo baridi wa Benguela. Upande wa pili ni jangwa la Namib, linaloshuka mpaka ukingoni mwa maji bila kuacha nafasi ya mnazi wala mkoko. Na eneo kubwa lililo kusini mwa mji wa Lüderitz limefungwa kwa watu wasio na kibali tangu Septemba 1908, serikali ya Wajerumani ilipolipiga marufuku kwa ajili ya almasi. Mgeni anayetaka kuona visiwa, maeneo ya uvuvi na migodi iliyoachwa hana budi kulipia ziara ya kuongozwa. Mimi nilichukua ile inayouzwa kwa pamoja: boti asubuhi, kisha mji uliohamwa wa Kolmanskop, na baadaye machimbo ya Elizabeth Bay. Kampuni ni ndogo, ya watu wa hapohapo. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninayo malalamiko mazito kuhusu sehemu moja ya huduma yao na nimekwisha kuwaandikia wenyewe. Hata hivyo, njia na vituo havitofautiani sana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo haya yatamfaa yeyote anayefikiria kwenda.

Nitangulize hukumu yangu. Safari ya bahari inastahili fedha yake yote, na sababu kubwa ni nahodha. Sehemu ya migodi inapendeza macho, lakini masimulizi yake yana pengo ambalo mtu aliyekulia Kilwa Kivinje hawezi kulinyamazia.

Boti ni katamarani yenye sitaha pana na kibanda cha kujikinga na upepo, nayo huondoka gatini mapema. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya mwanga wa kupigia picha. Upepo wa kusi wa Lüderitz huanza kunyanyuka kabla ya adhuhuri, na ikifika alasiri huwa mkali kiasi kwamba wanamichezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara huja kutoka Ulaya kuutafuta, wakaweka rekodi zao za mwendo hapo. Upepo huohuo ndio unaosukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu na kuyaacha maji ya chini, yaliyo baridi na yenye virutubisho vingi, yapande. Wataalamu wa bahari huihesabu Lüderitz miongoni mwa sehemu zenye mpando wa maji wenye nguvu kuliko zote duniani. Jangwa na utajiri wa samaki, kwa hiyo, vina chanzo kimoja: baridi ya maji inaizuia mvua isinyeshe nchi kavu, na virutubisho vyake vinalisha kila kilicho hai baharini.

Kwa vifaa sina la kulaumu. Majaketi ya kujiokolea yalikuwepo kwa watu wote, yakiwa makavu na yenye vifungo vizima, na kila abiria alivalishwa kabla kamba ya gati haijafunguliwa. Redio ilijaribiwa mbele yetu. Makoti mazito ya mvua yalitolewa bila malipo, na aliyeyakataa mwanzoni aliyaomba tulipotoka nje ya ghuba. Wakati wa kurudi tuliletewa chaza wabichi wa kufugwa humohumo ghubani, wakiwa na ndimu na pilipili manga, pamoja na kahawa ya moto. Chaza wale walikuwa wanono na walikuwa na chumvi ya kutosha, na mhudumu aliwafungua mbele yetu kwa kisu kifupi, akimwaga maji ya kwanza na kumngojea kila mmoja atoe maji ya pili kabla ya kumpa mgeni. Ni jambo dogo, lakini mtu wa pwani hulitambua: chaza anayeliwa pamoja na mchanga wa maji ya kwanza huharibu asubuhi nzima.

Nahodha ni mzee aliyeacha uvuvi miaka mingi iliyopita, na tezi, yaani nyuma ya boti, ndiyo baraza lake. Nilipomwambia kuwa natoka Tanzania, neno la kwanza alilotamka lilikuwa Kongwa, ile kambi ya mkoani Dodoma ambako wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi wa Namibia, walianza kupokelewa mwaka 1964. Akanishika mkono na kuniweka karibu naye mpaka mwisho wa safari. Ninashauri kila mgeni afanye hivyo hata kama hakukaribishwa. Anayekaa omo, mbele ya boti, hupata upepo na picha, na anayekaa tezi hupata historia ya bahari ile kutoka kinywani mwa mtu aliyeila chumvi yake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvua kambakoche wa miambani, kwa boti ndogo za mbao zilizotumwa na meli mama, kisha kwa madema ya chuma. Alikuwa ameweka dema moja juu ya sitaha kwa ajili ya wageni: fremu ya chuma iliyofunikwa wavu, mdomo juu, na ndani kikapu kidogo cha chambo ambacho kamba hukifikia lakini hawezi kuondoka nacho. Alitoa pia mfukoni kipimo cha chuma, akakiweka juu ya gamba la kamba mmoja aliyekuwa ndooni. Gamba la mgongo lisipofika milimita 65, kamba anarudi majini, na jike mwenye mayai anarudi hata awe mkubwa namna gani. Yule wa ndooni alipita kwa unene wa ukucha. Mzee alimgeuza, akatuonyesha kuwa hana mayai chini ya mkia, kisha akamrudisha baharini hata hivyo. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Wa zamani walikuwa wakubwa kuliko huyu mara mbili. Huyu bado."

Alichokuwa akikisema kinaungwa mkono na historia ya uvuvi wa hapo. Katika miaka ya 1950 na 1960 mavuno ya kamba wa Namibia yalihesabiwa kwa maelfu ya tani kwa mwaka, na viwanda vya Lüderitz viliigandisha mikia yao kwa barafu kwa ajili ya Marekani. Siku hizi kiwango kinachoruhusiwa ni mamia machache tu ya tani, na msimu huanza tarehe 1 Novemba na kuisha Aprili. Mzee alieleza pia siku ambazo bahari yenyewe huwatupa kamba nje. Gesi yenye harufu ya yai viza hupanda kutoka kwenye tope la chini, oksijeni ikaisha majini, na kamba wakatembea kwa miguu yao mpaka mchangani. Alipokuwa kijana, mji mzima ulishuka pwani na ndoo. Wazee waliwakataza watoto kushangilia, alisema, kwa sababu kila ndoo iliyojaa siku ile ilikuwa imetolewa katika mavuno ya mwaka uliofuata.

Baada ya rasi ya Dias, yenye mnara wa taa wa mistari myekundu na myeupe, boti hupunguza mwendo mbele ya kisiwa cha Halifax. Hapo ndipo penye pengwini wa Afrika. Kisiwa ni mwamba mtupu, karibu sana na bara, kikiwa na nyumba chakavu za wachimbaji wa samadi. Samadi ya ndege, nayo, ni mgodi. Kabla ya almasi kujulikana, utajiri wa pwani hii ulikuwa kinyesi cha ndege kilichorundikana juu ya visiwa kwa karne nyingi. Kati ya 1843 na 1845 mamia ya meli yalijazana kwenye kisiwa cha Ichaboe, kaskazini ya hapo, yakakikwangua mpaka mwambani ili kurutubisha mashamba ya Uingereza. Pengwini waliokuwa wakichimba viota ndani ya samadi ile walibaki wakitagia juu ya jiwe, juani na mbele ya shakwe wezi wa mayai.

Kisha ukaja uvuvi wa dagaa. Mwaka 1968 meli za Namibia na za kigeni zilivua karibu tani milioni 1.4 za dagaa katika maji haya, wengi wakisagwa kuwa chakula cha mifugo na mafuta, na katika miaka michache iliyofuata samaki wale waliporomoka na hawajarudi kuwa kama walivyokuwa. Nafasi yao ilichukuliwa na yavuyavu, wale viumbe laini wanaowasha, na samaki wadogo wa tope wasio na mafuta. Pengwini hula hao kwa kukosa wengine, na vifaranga hawanenepi. Uvuvi wa dagaa ulisimamishwa mwaka 2018, na mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, wakiwa wamebaki chini ya jozi 10,000 duniani kote. Mzee aliyaeleza haya bila karatasi, mkono wake ukiwa kwenye usukani, akituonyesha pengwini watatu waliokuwa wakipanda kutoka majini kwa kungojea wimbi la kuwainua. Alizima injini moja ili wasishtuke. Boti nyingine tuliyopishana nayo haikufanya hivyo.

Tuliona pia pomboo wadogo wa aina inayopatikana katika mkondo huu peke yake, sili wengi, na mabaki ya kiwanda cha nyangumi cha Wanorwei, matangi yake yakiwa yameliwa na kutu. Sitakaa sana hapo. Msalaba wa baharia Mreno Bartolomeu Dias ulio juu ya rasi ni nakala. Wa asili aliusimika Julai 1488, miaka 17 kabla ya kikosi cha Mreno mwenzake Francisco de Almeida kuishambulia Kilwa. Ninataja hilo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba pwani hii haina uhusiano na yetu. Mwaka 2008, karibu na mdomo wa Mto Orange, wachimbaji wa almasi waliokuwa wakiikausha sehemu ya bahari walifukua meli ya Kireno iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India, ikiwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, vipande vya shaba na pembe za ndovu. Kama ingelisalimika, njia yake ingeliizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia katika bahari yetu.

Sasa malalamiko yangu. Kutoka gatini, na tena wakati wa kurudi, boti hupita mbele ya rasi ya mawe iitwayo Shark Island, ambayo zamani ilikuwa kisiwa. Msichana aliyekuwa akitoa maelezo kwa kipaza sauti alisema kwamba ni mahali pazuri pa kupigia hema. Hakusema zaidi. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani waliwafungia hapo Waherero na Wanama, wanaume, wanawake na watoto, katika upepo ule niliokuwa nikitetemeka nao ndani ya koti zito, wao wakiwa na matambara. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na makadirio mengine yanafikia mara tatu ya hapo. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama wa Bethanie, alikufa humo Februari 1907. Waliobaki na nguvu walipelekwa kujenga gati na reli. Miaka hiyohiyo, 1905 hadi 1907, jeshi la utawala huohuo lilikuwa likiizima Majimaji kwa risasi na njaa, na kule kwetu Kilwa Kivinje mahali uliposimama mwembe wa kunyongea bado panajulikana. Kwa mtu wa kwetu, maelezo yanayopita mbele ya Shark Island na kutaja hema peke yake hayavumiliki. Nahodha alinitazama tu na kusema kwa sauti ya chini kwamba bibi wa mke wake alizikwa pale. Kampuni yenye nahodha kama huyo haina udhuru wa kumpa mtu mwingine kipaza sauti.

Kabla ya kuingia migodini kuna kipande kimoja zaidi cha mzee huyu kinachounganisha bahari na almasi. Uvuvi ulipopungua, aliingia kwenye boti ndogo za wazamiaji. Almasi za pwani hii zilichukuliwa kutoka bara la ndani na Mto Orange, zikamwagwa baharini, kisha mawimbi na upepo wa kusi vikazisukuma kaskazini, nyingine zikabaki chini ya maji na nyingine zikarushwa jangwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani wa Texas, Sam Collins, alikuja na wazo la kuzinyonya kutoka sakafu ya bahari, na leo sehemu kubwa ya almasi za Namibia hutoka huko, kwa meli kubwa za ubia wa serikali na kampuni ya almasi ya De Beers. Boti ndogo ni jambo jingine. Mzamiaji hushuka na mpira wa hewa mdomoni na bomba nene mkononi, akaliongoza katikati ya mawe huku mawimbi yakimrusha, na changarawe ikapanda mpaka kwenye chekeche la juu. Kwa mwezi huenda zikapatikana siku chache tu za bahari kutulia. Siku nyingine zote ni kukaa gatini bila malipo. Mzee alituonyesha sikio lisilosikia vizuri. Hakuwahi kuishika almasi, alisema, kwa sababu magunia ya changarawe hufungwa kwa lakiri yakiwa bado majimaji.

Kolmanskop iko mwendo wa kama kilomita 10 kutoka mjini. Hapo kando ya reli, Aprili 1908, Zacharias Lewala, kibarua aliyekuwa akizoa mchanga uliofunika njia ya treni, aliokota kijiwe kilichong'aa na kumpelekea msimamizi wake, August Stauch. Stauch akawa tajiri. Lewala hakupewa kitu. Mji uliojengwa kwa almasi zile ulikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, ukumbi wa dansi na tamthilia, kiwanda cha barafu na uwanja wa kubingirisha matufe, wakati maji ya kunywa yakiletwa kwa meli kutoka Cape Town. Kufikia 1914 jangwa hili lilikuwa limetoa zaidi ya karati milioni 5. Kisha mashapo makubwa zaidi yakagunduliwa karibu na mdomo wa Mto Orange mwaka 1928, watu wakahama polepole, na mwaka 1956 hakuna aliyebaki.

Kwa macho, mahali hapa hapana mfano. Mchanga umeingia kwa madirisha na kujaa hadi katikati ya milango. Rangi za kuta, bluu na kijani, bado zina michoro ya maua karibu na dari. Katika nyumba moja niliona beseni la kuogea limezama ukingo mmoja tu ukionekana, na juu ya mchanga nyayo za fisi wa kahawia zikitoka chumba hadi chumba. Mwongozaji aliijua kazi yake kuhusu majengo: alituonyesha namna eksirei ilivyotumiwa kuwakagua wafanyakazi waliodhaniwa kumeza mawe, na visigino vya viatu vilivyotobolewa kwa magendo. Alipofika ukumbini aliimba ubeti mmoja ili tusikie sauti inavyozunguka, na ilizunguka vizuri kweli.

Lakini Wajerumani wa Kolmanskop walikuwa mia tatu hivi pamoja na watoto wachache, na vibarua wa Kiowambo kutoka kaskazini walikuwa kama 800. Hao walikuja kwa mkataba bila wake wala watoto, wakalala katika mabweni, sawa na manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Picha za zamani zinawaonyesha wakitambaa kwa mstari, matumbo chini, wakiokota almasi kwa mikono. Ziara yetu iliwapa sentensi moja. Niliuliza mabweni yalikuwa wapi, na mwongozaji akanyoosha kidole kuelekea upande tusiopelekwa. Mfumo ule wa mikataba ndio uliozaa mgomo mkubwa wa Desemba 1971 uliotikisa utawala wa Afrika Kusini nchini humo. Mtalii hawezi kuielewa Namibia huru kwa kuoneshwa ukumbi wa dansi peke yake.

Elizabeth Bay, kusini zaidi na ndani ya eneo la marufuku, ilinigusa kuliko Kolmanskop, ingawa wageni wengi huiruka. Kiwanda chake cha kuoshea changarawe kilianza kazi mwaka 1926 na kikasimama katika mdororo wa uchumi wa dunia uliofuata. Nyumba zilijengwa kwa matofali ya mchanga wa pwani uliojaa chumvi, na upepo umeyala matofali yenyewe ukaacha saruji iliyokuwa katikati yake, kwa hiyo ukuta umebaki nyavu za saruji unazoona bahari kupitia matundu yake. Nilipitisha vidole katika tundu moja. Ndani tofali lilikuwa likimomonyoka kama sukari guru. Hapa mabweni ya vibarua yapo palepale njiani, na mwongozaji wa siku hiyo, mtu mwingine na mkubwa kwa umri, alisimama mbele yake muda mrefu akaeleza mkataba, mshahara na safari ya kutoka kaskazini. Kama kampuni ingempa yeye Kolmanskop pia, nusu ya malalamiko yangu ingeisha.

Kwa anayetaka kwenda: barabara kutoka Keetmanshoop ni ya lami, ila kati ya Aus na Lüderitz mchanga huvamia njia upepo ukivuma, basi safiri asubuhi. Kibali cha Elizabeth Bay huombwa siku kadhaa kabla, pamoja na nakala ya pasipoti, na usiokote jiwe lolote humo, hata kokoto, kwa kuwa upekuzi si wa mchezo. Kolmanskop huongozwa asubuhi. Boti haimfai mwenye mgongo mbovu wala mtoto mchanga, kwani nje ya ghuba mawimbi ni marefu. Anayelewa bahari ameze dawa saa moja kabla. Bei ya boti ililingana na ya chakula cha jioni cha watu wawili katika hoteli ya mjini, na ya Elizabeth Bay ilikuwa juu zaidi kwa sababu ya gari na kibali. Ukiwa na fedha ya sehemu mbili tu, chukua boti na Elizabeth Bay, kisha Kolmanskop uizunguke mwenyewe kwa tiketi ya mlangoni, na uombe kabisa kuelekezwa yalikokuwa mabweni. Na unapoweka nafasi ya boti, uliza kama yule nahodha mzee ndiye atakayeshika usukani siku hiyo; kama siye, ngoja siku atakayekuwepo.